Kifuniko cha Darubini

Mimi kazi yangu ni kutengeneza simu. Meza yangu iko Morogoro mjini, kando ya barabara ya kwenda Kilakala, na watu hunijua kwa mdomo kabla hawajanijua kwa mikono. Mtu akiniletea simu iliyozama kwenye ndoo ya kufulia, simpi matumaini ya uongo. Namwambia, "Hii imekufa, kazike." Wapo wanaonuna wakaenda kwa fundi mwenzangu mwenye ulimi wa asali, halafu wakarudi wiki inayofuata na simu ileile na hasira maradufu. Nalitaja hili mapema ili ijulikane kwamba Mungu hakuninyima ulimi. Siku nilipouhitaji kweli, niliumeza mwenyewe.

Mjomba wangu anaishi mlimani, juu ya Matombo, kwenye shamba la ukoo wetu. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo mahindi anayolima mjomba ni ya mama yangu na ni yangu pia, na nguruwe pori wakiyavamia wananila mimi. Mke wake alikwishatangulia mbele ya haki, watoto wanalima upande wa mama yao, naye amebaki na redio, kuku, na bunduki. Bunduki hiyo ina kibali, na ndiyo pekee yenye kibali katika mteremko ule wote. Aliinunua zamani kwa askari wa wanyamapori aliyestaafu. Ni bunduki ya bei ya chini, kitako chake kilipasuka kikafungwa waya wa shaba. Nguruwe wakizidi, serikali ya kijiji humwita yeye. Mshahara hana. Ana jina tu, kwamba mzee yule akilenga halengi mara mbili, na jina hilo lilimtosha.

Iko desturi moja ambayo lazima niieleze, maana hatari yote ilitoka hapo. Mjomba ni Mwislamu wa swala tano. Nguruwe humpiga, lakini hamgusi. Akishaanguka, mjomba hugeuka akarudi zake nyumbani, na mnyama anabaki kuwa wa majirani zetu Wakatoliki. Wao nao wana sheria yao: wa kwanza kushika mkia ndiye anayechagua paja. Si katekista wala mwenyekiti wa kijiji anayeweza kuitengua. Basi badala ya kungoja nyumbani, kuna watu hujibanza shambani tangu alfajiri, karibu kadiri moyo unavyowaruhusu, ili mlio ukitoka wawe wa kwanza kufika. Mjomba aliwawekea utaratibu kwamba asikanyage mtu shambani mpaka asikie debe limegongwa mara mbili. Waliitikia wote, na hawakuufuata.

Aliyewazidi wote ni jirani wa shamba la chini, mkulima wa kabichi na karoti, rika moja na mjomba. Koo zao ni watani, na kwa watani wa kwetu hakuna neno lisilosemeka, hata msibani. Msimu uliopita wa mahindi, mjomba alimkosa nguruwe, risasi ikapasua mgomba hatua moja kutoka kwenye sikio la jirani huyo. Alitoka kwenye migomba uso mzima umelowa utomvu. "Mzee," akasema, "mimi si nguruwe, ni Mkatoliki." Watu wakacheka. Akaongeza kwamba mjomba asithubutu kumuua, kwa sababu kaburi la mtu huchimbwa na watani wake, na akimuua yeye atakuja kuzikwa na nani? Wakacheka tena, mpaka akina mama waliokuwa mtoni wakauliza kuna nini. Lakini jioni ile, nilivyosimuliwa, jirani alirudi peke yake kwenye mgomba ule, akasimama kando yake akipima tundu la risasi na sikio lake.

Mwenyekiti akaenda kwa mjomba kwa adabu zote. Akasema ikitokea tena, bunduki itabidi ikae kituo cha polisi, maana safari ijayo hautakuwa mgomba. Mjomba akajibu kwamba kosa ni la bunduki. Kile kinundu cha kulengea kilichoko mdomoni mwa mtutu kilikuwa kimelika kwa uzee. "Macho yangu hayana neno," alisema.

Mama akanipigia simu. "Nenda kamtazame kaka yangu," akaniambia. "Yule ataua mtu."

Mimi nikaona jambo lenyewe dogo. Kama kulengea ndiko kumechakaa, tutafunga darubini. Nikaagiza moja kwa mfanyabiashara anayeleta vifaa kutoka nje, ya bei ya kawaida, ikaja kwenye boksi lenye picha ya mnyama mwenye pembe zilizochanua, ambaye hajawahi kukanyaga Uluguru. Karatasi yake nikamtumia mjomba, akaipeleka kituoni ikaandikwa pamoja na kibali. Nikafunga meza yangu Ijumaa jioni nikiwa nimejaa sifa za kujipa mwenyewe.

Jumamosi nilichukua bodaboda kutoka Mkuyuni, nikafika kwa mjomba matope yamenifika magotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekonda wewe. Huko mjini hamli?"

Alisema hivyo akilitazama begi langu begani, si uso wangu. Na kukonda sikuwa nimekonda, tena nilikuwa nimeongezeka mpaka sketi ililegezwa. Niliona, nikaacha. Nilidhani ni maneno tu ya mjomba kumlaki mpwa wake.

Kabla hajaniruhusu kuigusa bunduki alifanya jambo ambalo amelifanya tangu nilipokuwa mtoto. Alivuta kile chuma cha kupakilia, mwenyewe hukiita bolti, akakichomoa chote. Akaingiza kidole cha mwisho mahali risasi inapokaa, akazungusha, akakitoa. Kisha akavua kofia yake, akaziweka risasi tano ndani ya kofia, akaiweka kofia juu ya mkeka, mbali na meza. Maadamu kofia iko chini, bunduki ni kuni. Kofia ikirudi kichwani, watu wote husimama nyuma yake. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba ile, na sijawahi kumwona akiivunja.

Nikaanza kazi. Juu ya bunduki kulikuwa na matundu manne ambayo kiwanda kiliyatoboa kwa ajili hiyo, yamezibwa kwa skrubu ndogo ambazo hazijawahi kuguswa. Nilizitoa moja moja, nikasafisha matundu kwa spiriti na kijiti cha pamba, nikafunga vibao viwili vya chuma, juu yake pete mbili, na ndani ya pete nikailaza darubini. Skrubu za namna hii hazikazwi moja mpaka mwisho halafu ukahamia nyingine. Unakaza hii kidogo na ile kidogo, unazunguka, unarudi, mpaka zote zishike sawa. Mikono yangu inaijua kazi ya hivyo. Mjomba alikaa kwenye kigoda, ananywa chai ya mdalasini, anasikiliza.

"Usije ukaikaza kama bomba la maji," akasema.

"Mjomba, mimi nafunga skrubu zisizoonekana kwa macho."

"Ndiyo maana nakuambia," akajibu, tukacheka.

Ndani ya darubini kuna nyuzi mbili zinazopishana kama msalaba, na ule wa wima lazima usimame wima kweli, la sivyo risasi ya mbali itakwenda upande. Mjomba alinipa timazi lake, lile alilojengea nyumba. Tukalitundika kwenye mgomba, nikaizungusha darubini taratibu mpaka uzi wake na kamba ya timazi vikawa kitu kimoja. Kisha nikatundika sufuria jeupe kwenye mti wa mfenesi, hatua themanini hivi, nikaiegemeza bunduki juu ya gunia la mchanga na kuchungulia ndani ya mtutu mtupu mpaka nikaliona sufuria katikati ya tundu. Bila kuisogeza bunduki nikageuza vitufe vya darubini mpaka msalaba nao ukakaa juu ya sufuria. Niliona pia jambo lingine, nikalipuuza. Kwenye kioo sufuria lilikuwa kubwa, karibu, zuri, lakini kuku watatu waliopita pembeni yake sikuwaona hata mmoja. Kioo kilinipa sufuria kikaninyima uwanja.

Ikabaki kupima umbali wa jicho. Mjomba alitakiwa alaze shavu kwenye kitako kama anavyolenga siku zote, afumbe macho, ayafumbue, aniambie kama anaona duara lote au limekatika. Kama limekatika, nasogeza darubini mbele au nyuma. Nilikuwa nimevifunika vioo kwa vifuniko vyake vya plastiki wakati nafuta vumbi la chuma. Cha nyuma nilikitoa. Cha mbele nilikisahau.

"Fumba, mjomba. Haya, fumbua. Unaona?"

Ilikuwa saa sita mchana. Ukungu ulikuwa umeondoka mlimani kote, jua linachoma utosi.

"Naona," akasema.

"Duara lote?"

"Lote. Safi kabisa. Naona mpaka sufuria."

Nikainua macho kuangalia mbele ndipo nikakiona kifuniko. Cheusi, kimekaa pale pale nilipokibana mwenyewe, kimeziba kioo chote.

Nilimtazama mjomba, shavu lake limelala juu ya ule waya wa shaba, jicho la kulia limefumbuka. Kwa mara ya kwanza nikalitazama jicho lenyewe, si mjomba. Kwenye mboni kulikuwa na weupe, rangi ya tui. Mtoto wa jicho. Si wa jana wala wa mwezi jana. Nikakumbuka begi langu. Nikakumbuka mgomba uliopasuka.

Kumwambia ilikuwa rahisi. Maneno matatu tu, mjomba jicho limekufa. Kwa mteja ningeyasema huku natafuta bisibisi. Lakini huyu ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule, ndiye aliyesimama kwenye mahari yangu, na ndiye ambaye kwetu neno lake hutangulia hata la baba. Utaanzia wapi kumwambia mtu huyo kwamba umemshika akidanganya? Nilinyoosha mkono, nikakitoa kifuniko kimyakimya, nikakitia mfukoni. Nikasema, "Basi, hapo pamekaa vizuri." Naye akaliacha shavu limelala pale, halafu akainuka, nami nikaliona jicho la kushoto nalo lina weupe uleule.

Niliikaza skrubu ya mwisho. Niseme na hili: darubini ile niliifunga vizuri sana. Mpaka leo ndilo linaloniuma.

Alasiri tulijaribu. Mjomba akavaa kofia, nami nikasimama nyuma yake. Boksi la darubini tulilibandika kwenye ukingo wa udongo, upande wake mweupe ukitutazama. Alipiga risasi tatu. Moja ilikata pembe ya boksi. Mbili sikuziona zilipoingia mpaka nilipokwenda kutafuta, nikazikuta kwenye udongo, moja kulia kwa mbali, nyingine juu, mahali ambapo angesimama mtu ingempata kifuani.

"Darubini yako hiyo," akasema mjomba. "Vitu vya rahisi."

Nikaitikia. Nilisema, "Itakuwa skrubu imelegea, nitaikaza tena," na nikachukua alenki, ule ufunguo wake, nikajifanya nakaza skrubu ambayo haikuhitaji hata robo ya mzunguko. Tukawa watu wawili wazima tunaisingizia darubini. Nilijichukia vile ninavyomchukia fundi anayemwambia mteja betri itapona.

Usiku ule nililala nikiwa na maneno tayari mdomoni. Nilijiambia nitasema asubuhi baada ya chai. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalijua, lakini methali haikusemei.

Chai hatukuinywa. Mjomba aliniamsha baada ya swala ya alfajiri. "Wameshuka," akasema. "Nimewasikia wanavunja mihogo. Twende."

"Mjomba, tungengoja pakuche."

"Pakikucha wameondoka. Shamba la mama yako hilo."

Nikamfuata. Njia nzima nilitembea nyuma ya kofia ile nikisema moyoni, sasa, tukifika kwenye jiwe nitasema. Tukapita jiwe. Tukifika kwenye kijito. Tukavuka kijito. Mjomba aliikanyaga njia bila kukosea hata mzizi mmoja, na nadhani miguu yake ndiyo iliyowadanganya watu miaka yote hiyo, kwa sababu haijawahi kuhitaji macho.

Dungu letu la kulindia liko katikati ya mteremko, lina ngazi ya mianzi na boriti moja ya kuegemeza bunduki. Tulipanda. Ukungu ulikuwa umelala shambani, unapanda na kushuka, nuru imeanza lakini haijakaza. Chini, misheni, kengele ya misa ya kwanza ikalia. Mjomba akaweka bunduki kwenye boriti, akaingiza risasi, akalaza shavu.

Nikawaona nguruwe kwa macho yangu matupu. Wanne, weusi, kushoto kwetu karibu na kijito, vichwa vyao chini kwenye mihogo. Mtutu wa mjomba haukuelekea kushoto. Ulielekea kulia, kwenye mahindi, ambako mabua yalikuwa yanacheza. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio la kulia mbele. Nikaelewa. Mjomba alikuwa halengi kwa darubini wala kwa kile kinundu cha mtutuni. Alikuwa analenga kwa sikio.

Mabua yakacheza tena. Ukungu ukapanda kidogo, na katikati ya mahindi nikaona kitu cheupe, chembamba. Ilikuwa kola ya shati. Jirani alikuwa amevaa kabisa nguo zake za misa, akatupia koti kuukuu juu yake, akaja kuchukua paja kabla hajaenda kanisani. Alikuwa amechuchumaa akitutazama, anangoja mlio.

"Mjomba," nikanong'ona.

"Nyamaza. Namwona."

"Mjomba, siyo..."

"Nimesema namwona. Mkubwa, yuko peke yake."

Kidole gumba chake kikakisukuma mbele kibonyezo cha usalama, kile kinachoizuia bunduki isifyatuke. Nikasikia mlio wake mdogo. Ningepiga kelele, angeshtuka, na kidole kilikuwa kimekwishafika mahali pake. Ningemvuta mkono, ingefyatuka. Sijui mwili uliamuaje. Ninachojua ni kwamba mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe, pole pole, ukapita pembeni mwa uso wake, ukaziba kioo cha mbele cha darubini, kiganja chote. Nilihisi ubaridi wa umande kwenye chuma.

Mjomba hakutikisika. Alivuta pumzi kama wanavyovuta walengaji, akaishikilia.

"Namwona," akasema taratibu. "Katulia kabisa."

"Mjomba," nikasema, na sauti yangu ilitoka ya kawaida, sijui ilitoka wapi, "huo unaouona ni mkono wangu."

Kidole kikatoka. Kikanyooka, kikalala pembeni mwa chuma. Kibonyezo kikarudi. Akakaa vile vile, shavu juu ya waya wa shaba, na bado sikuuondoa mkono wangu, niliogopa kuuondoa.

Kisha akaivuta bolti, akaichomoa. Akaingiza kidole cha mwisho, akazungusha, akakitoa. Akavua kofia, akaweka risasi ndani yake, akanipa mimi niishike. Tangu nizaliwe kofia ile ilikuwa haijatua mkononi mwa mtu mwingine ikiwa na risasi. Akapapasa pembeni, akalipata debe na kijiti chake, akagonga mara mbili.

Nguruwe walitimka wote wanne wakavuka kijito. Na jirani naye akatimka, maana amesikia debe, na debe maana yake mnyama yuko chini. Alitoka kwenye mahindi mbio, koti linapepea, kola yake nyeupe, akazunguka pale shambani akitafuta mkia wa nguruwe ambaye hayupo. Alizunguka mara mbili, akasimama.

"Mzee!" akaita. "Yuko wapi? Umepiga kwa bunduki gani hiyo isiyo na mlio?"

Akainua uso akatutazama, akaona mtutu ulivyolala kwenye boriti na ulikoelekea. Akageuka nyuma, akapatazama pale alipokuwa amechuchumaa. Akatutazama tena. Mtani yule hakosi neno, hata msibani hakosi. Alivua koti lake, akalikunja kwapani, akashika njia ya misheni bila kusema kitu.

Tulishuka. Mjomba alitangulia kwenye ngazi, mimi nikafuata na bunduki begani, kofia yake mkononi, naogopa risasi zisimwagike. Tulipofika kwenye kijito alisimama.

"Kile kifuniko unacho?" akauliza.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kifuniko kipi, mjomba?"

"Cha jana. Ulichokitoa ukakitia mfukoni."

Nikaingiza mkono mfukoni, kilikuwemo.

"Mchana nuru naiona," akasema. "Sufuria silioni, wewe sikuoni sura, lakini jua naliona. Jana nilipofumbua jicho palikuwa giza tupu. Nikajua umesahau kitu mbele." Aliosha uso kwa maji ya kijito, akakaa amechuchumaa, maji yanamtiririka kwenye ndevu. "Nikasema naona. Nikataka unikatalie. Mtu wa nyumbani kwangu alikwishakufa, huku hakuna wa kunikatalia, wote wananiita mzee. Nikasema huyu wa mjini ana mdomo, huyu atasema."

"Nilikuheshimu, mjomba."

"Heshima ya nini?" Alinitazama, yaani aliutazama mkono wangu ulioshika kofia, na sauti yake ikapanda kwa hasira ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Simu za watu unazizika mchana kweupe. Mimi ukanionea haya mpaka niue mtu?"

Nililia pale kijitoni, mtu mzima mimi, bunduki begani. Naye akaningoja nimalize. Kisha akanyoosha mkono hewani, kidogo kulia kwangu, na kwa mara ya kwanza hakujifanya anajua nilipo.

"Nishike," akasema. "Hapa pana utelezi."